Mwanangu katupwa mtoni na wenzake, eti ndo kashinda

Wiki hii mjomba wenu nimeletewa maswali manne na yote yana maji ndani, sijui ni hizi mvua za mwisho zinazotunyeshea hapa Kigoma au ni vidio watu wanazotumiana, basi twende nayo moja moja. La kwanza refu, mnivumilie.

SWALI: Mjomba habari za kazi. Mi ni mama wa watoto wanne nakaa Ujiji. Binti yangu wa tatu ana miaka 16, alipata nafasi ya kwenda kusoma Marekani mwaka mmoja na yupo kwa familia moja huko Pennsylvania. Huko shuleni kaingia timu ya makasia, nikamuuliza we mwembamba hivyo kasia unaliwezea wapi, akasema mama mi sipigi kasia, mi nakaa nyuma nawapigia kelele wenzangu. Nikanyamaza. Sasa wikiendi iliyopita wamesafirishwa na basi tangu Ijumaa kwenda kitu wanakiita regata, wamelala hotelini, wavulana na wasichana. Jumapili usiku naona vidio kwenye WhatsApp, nakuza nione vizuri, wasichana wenzie mijitu mirefu wamemkamata huyu mkono huyu mguu, wanahesabu, wakamrusha mtoni, na wanacheka! Mjomba sikulala. Ziwa lilimchukua kaka yangu nikiwa darasa la tano na huyu mtoto sikumruhusu hata kwenda kuosha vyombo ufukweni, kuogelea kajifunzia huko huko juzi tu. Kaka yake anapanda boti za Kibirizi kila wiki kwenda sokoni Kagunga huyo nimeshamzoea. Naomba nijue, wanamwonea? Nimwambie aache? Halafu wanavaa nguo ya kubana mwili mzima, hiyo ni lazima? Na mchezo gani wa kukaa unapiga kelele? (Mama, Ujiji)

JIBU: Dada yangu pole, na hongera, maana hiyo vidio ni ya sherehe. Kwenye huo mchezo timu ikishinda yule anayekaa nyuma anapiga kelele ndo anabebwa anatupwa majini, desturi ya miaka na miaka, Uingereza wanafanya, Marekani wanafanya, mpaka mabingwa wa dunia utawakuta wanamrusha wao. Anayetakiwa kulia ni yule ambaye hajatupwa. Kwa hiyo mwanao kashinda, tatizo lake ni kwamba hajakuelezea, mtoto wa miaka 16 anakurushia vidio bila neno hata moja halafu anazima simu analala, mama Ujiji ndo anabaki na presha.

Haya mambo nayajua kwa sababu nilikaa Philadelphia miaka minne na kazi yangu ilikuwa kuendesha basi la shule, yale ya njano. Kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa tano, wenyewe wanaita majira ya machipuko, miti ndo inatoa majani na baridi bado ipo, kila wikiendi natumwa kupeleka timu kwenye mashindano, leo regata hii, wiki ijayo regata ile. Siku ya kwanza nikajua nitawashusha nikalale zangu kwenye siti ya nyuma. Nilikoma. Saa moja haijapita niko nimebeba makasia manne begani kama kuli wa bandarini, na kocha, mama mmoja mfupi, ananielekeza nisiburuze ncha chini.

Nikueleze wikiendi yenyewe ilivyo maana nahisi umeiwaza kama pikiniki. Boti ya watu wanane ina urefu wa karibu mita 18, ukiilaza hapo uani kwako ncha inatokea kwa jirani. Hakuna gari la kuibeba nzima, kwa hiyo imeundwa vipande viwili vinaungwa kwa bolti, wakisafiri wanaitenganisha, wanaipanga kwenye trela refu, halafu vile vyuma vinavyotoka ubavuni vya kushikilia kasia vinafunguliwa vyote vinafungwa mafungu mafungu. Si unajua meli yetu ya Liemba ilivyokuja? Iliundwa Ujerumani 1913, ikafunguliwa, ikatiwa kwenye makasha, ikaja kuunganishwa hapa hapa Kigoma. Basi wale watoto kila wikiendi wana Liemba yao. Wakifika, kabla ya kula kabla ya kujua choo kiko wapi, kila mmoja anatoa spana namba 10, wengine wameitundika shingoni kwa kamba ya kiatu, wanaanza kufunga, na baridi ile vidole havikunji. Niliona binti mmoja nati imemdondoka kwenye majani, timu nzima ikapiga magoti kupapasa nyasi zenye umande, hakuna aliyemgombeza, dakika kumi wanatafuta nati moja wakaipata. Pale ndo niliuheshimu ule mchezo, kabla hata sijaona boti inatembea.

Hotelini usiwaze sana. Wasichana vyumba vyao wavulana vyao, mara nyingi korido tofauti, na ikifika saa nne usiku kocha anapita na selotepu anabandika kipande kati ya mlango na fremu kwa nje. Asubuhi kikikutwa kimechanika, aliyekichana hapigi kasia siku hiyo. Nilishamuona kijana mrefu kuliko mlango analia machozi sababu ya selotepu. Saa kumi na moja alfajiri wako juu, wamejifunga mablanketi, soksi na ndala, wazazi wameshaweka hema na meza ya chakula, ndizi mbivu, mikate, siagi ya karanga, tambi. Halafu wanasubiri. Dada wanasubiri we acha tu. Kuna mchujo asubuhi, fainali mchana au kesho yake, na resi yenyewe ya shule za sekondari kule kwa kawaida ni mita 1500, boti ya wanane inaimaliza kwa dakika tano hivi. Safari ya masaa manne barabarani, usiku hotelini, spana, baridi, yote kwa ajili ya dakika tano, na kama mchujo umekutoa ndo umeshamaliza, unafungua tena zile nati unapakia trela. Philadelphia pale kuna regata kubwa ya shule inaitwa Stotesbury, ilianza 1927, inafanyika mwezi wa tano, siku hiyo ukingo mzima wa mto umejaa mahema na mitrela mpaka mi dereva sina pa kupaki.

Sasa kelele. Mwanao amekutania, au anajishusha. Wapiga makasia wote wanaangalia nyuma, hakuna hata mmoja anayeona boti inakoenda. Anayeona mbele ni mmoja tu, yeye. Anashika kamba mbili za usukani, kichwani kafungwa kimaiki na spika zimepangwa chini ya viti, anawaambia wapinzani wako wapi, zimebaki mita ngapi, waongeze lini, nani kachelewa. Hata boti ikiwa nchi kavu hawainyanyui mpaka aseme nyanyua, na ile boti ya wanane haitakiwi kupungua kilo 96 kwa sheria za kimataifa, wakiinyanyua kila mtu kwa wakati wake inavunjika. Kwa lugha yetu ya Kibirizi huyo ni nahodha. Wanatafuta mtu mwepesi ili boti isibebe mzigo wa bure, ndo maana wamemuona mwanao na wembamba wake, ila kwenye mashindano makubwa ya dunia nahodha asiyefika kilo 55 anabebeshwa uzito wa ziada mpaka zifike, ili watu wasije kuweka watoto wa darasa la pili. Kwa hiyo una binti wa miaka 16 ambaye wasichana wanane waliomzidi mwili wanamtii bila kugeuka. We unasema anapiga kelele.

Nguo: ile ya kubana ipo kwa sababu kiti kinatembea kwenye reli ndogo chini ya makalio, shati likining'inia linanasa kwenye magurudumu, au kidole gumba kinaingia kwenye pindo la fulana kasia linamtoka mtu. Ila nahodha kiti chake hakitembei, na kwa baridi ile karibu wote wanavaa taitsi ndefu na mikono mirefu ndani. Akitaka kujisitiri na kuvaa hijabu ya michezo aongee na kocha mapema, siyo asubuhi ya resi, maana timu inatakiwa ifanane.

Nakuja kwenye woga wako, maana hapo huna kosa, mtu aliyepoteza ndugu majini hafundishwi kuogopa. Ila unaogopa kitu ambacho sicho. Mto ule ni mwembamba, mtu wa ng'ambo ukimwita anaitika, wakiwa mazoezini boti ya injini ya kocha inawafuata na majaketi ndani, kwenye resi mwamuzi yuko nyuma yao na boti yake. Boti zenyewe zimeundwa zielee hata zikijaa maji, na kitu cha kwanza wanachofundishwa ni kwamba ikipinduka usiiache, shika boti, usijifanye unaogelea kwenda ukingoni. Cha kuogopa ni baridi ya maji. Ziwa letu juu pale linacheza kwenye nyuzi 25 na kuendelea mwaka mzima, sisi hatujui maji ya baridi ni nini. Mto wa Pennsylvania mwezi wa nne unaweza kuwa nyuzi 10 au chini, ukitumbukia ghafla pumzi inakatika, unavuta hewa kwa nguvu bila kupenda, kama mdomo uko chini ya maji umevuta maji. Hata mwogeleaji mzuri yanamkuta hayo, dakika ya kwanza ndo mbaya, akitulia akashika boti pumzi inarudi. Kwa hiyo usimwambie aache. Mwambie akuulizie kocha vitu vitatu: walimpima kuogelea kabla hajapanda boti? Maji yakiwa baridi kiasi gani wanafuta mazoezi? Na siku ya kumtupa nahodha nani anaangalia kina na mawe pale kwanza? Hilo la mwisho siyo utani, kuna mashindano yanakataza kabisa kurushana kwa sababu watu wameumia. Kocha wa maana atajibu yote bila kununa.

Halafu dada naomba nikuguse mahali, usikasirike. Umeniandikia mistari kumi na tano kuhusu binti aliyetupwa mtoni mbele ya watu mia mbili na boti ya uokozi ipo, halafu mstari mmoja kuhusu kaka yake anayepanda boti Kibirizi kwenda Kagunga kila wiki, huyo "umemzoea". Ziwa hili lina kina cha mita 1470 pale linapozama zaidi, duniani linazidiwa na Baikal tu. Mi nazipanda zile boti, najua tulivyo, magunia, kreti za soda, mbuzi, mama na mtoto mgongoni, na majaketi yapo kweli, tumeyakalia. Yamekuwa mito ya matako. Ukimwambia mtu vaa anakuangalia kama umemtukana. Kama una pesa ya vocha ya kupiga Marekani leo usiku, piga, msikie sauti mwanao mpongeze, ila kesho asubuhi huyo kijana akiwa anavaa viatu muulize jaketi lake analivaa au analikalia.

SWALI: Shikamoo mjomba. Mi niko Katonga, nina miaka 17, nimeshaingia ziwani na baba kuvua dagaa. Nimeona hao wazungu kwenye simu, mtumbwi mwembamba kama kijiti cha kuchokonolea meno na wanaenda kinyumenyume. Kwa nini hawaangalii mbele kama watu? Na sisi wa Katonga tukipewa hizo boti tutawaacha au hatuwaachi? (Kijana, Katonga)

JIBU: Marahaba mwanangu. Swali lako la kwanza lina jibu ambalo ukilijaribu leo utalielewa. Nyie mnapiga kafi, hilo unalishika kwa mikono yote miwili hewani, halijafungwa popote, unaangalia mbele unachota maji unayasukuma nyuma, nguvu inatoka mabegani na mgongoni. Wale wanapiga kasia, limeshikiliwa na chuma nje ya ubavu wa boti, kwa hiyo ni kama mtaimbo wa kung'olea jiwe, unavuta huku maji yanasukumwa kule. Na kitu chenye nguvu kwenye mwili wa binadamu ni mapaja. Wale miguu imefungwa kwenye viatu vilivyogandishwa kwenye boti, kiti kinateleza, wanajikunja magoti mpaka kifuani halafu wanasukuma kama mtu anayepiga teke ukuta, miguu kwanza, mgongo, mikono mwisho. Sasa jaribu kukaa ukiangalia mbele usukume namna hiyo uone kama unaweza. Ndo maana wanaangalia nyuma, uzuri hawakuutafuta.

Mwendo wao siyo wa mchezo. Ujerumani 2017 boti yao ya wanaume wanane ilikata mita 2000 kwa dakika 5 na sekunde 18 na ushei, hiyo ni zaidi ya kilomita 22 kwa saa, kwa mikono ya watu. Boti ya mtu mmoja ina urefu wa mita nane hivi na sheria inataka isipungue kilo 14, gunia la kilo 25 la mchele ni zito kuliko hiyo. Nyembamba kiasi kwamba makalio yako yakiwa mapana yanazidi upana wa boti pale inapokata maji.

Mkipewa leo, siku ya kwanza mtapinduka wote, na wewe unayejua ziwa utapinduka kabla ya wenzio kwa kujiamini. Niliwaona watoto wa kule wiki ya kwanza, kasia likizama vibaya maji yanalikamata, mpini unakurudia tumboni kama umepigwa na punda, wenyewe wanasema umekamata kaa, wengine wanarushwa nje kabisa. Miezi mitatu ikipita mtakuwa mmeshazoea, na mgongo wa mtu anayevuta wavu wa dagaa usiku kucha kocha yeyote ataulilia.

Ila na wao wakija hapa na vile vijiti upepo wa kusi wa mwezi wa saba umeshaamka, hawatoki nje ya ghuba, mawimbi yanaingia ndani mara tatu tu boti imejaa, yale maboti yameumbwa kwa maji yaliyolala. Wenyewe wanalijua hilo ndo maana kuna aina nyingine, makasia ya baharini, boti pana zaidi, nyuma iko wazi maji yakiingia yanatoka. Na kuna mbio zake za ufukweni, unaanzia mchangani, unakimbia mpaka kwenye boti, unaruka ndani, unapiga mita 250 unazunguka maboya, unageuza, unarudi mita 250, unaruka unakimbia mchangani mpaka mwisho. Hiyo itaingia Olimpiki kwa mara ya kwanza Los Angeles 2028. Mi nikiisikia hiyo nawaza Katonga moja kwa moja, watoto wanaosukuma mitumbwi mchangani kila jioni wanalifanya hilo bila kulipwa.

Usidhani pia ni mambo ya wazungu peke yao. London 2012 Afrika Kusini walichukua dhahabu ya boti ya watu wanne uzito mwepesi na mmoja wao alikuwa Sizwe Ndlovu. Uganda hapo jirani Kathleen Noble kapiga kasia Olimpiki ya Tokyo na ya Paris. We maliza shule kwanza, baba yako anausoma ukurasa huu ameniambia mwenyewe.

SWALI: Mjomba, mimi ni mwalimu wa michezo shule moja ya sekondari Kasulu. Nataka niwalete wanafunzi 30 Kigoma mjini wikiendi moja mwezi wa sita tushindane mitumbwi na shule ya huko, watoto wangu wengi ziwa wanaliona kwenye picha. Nianzie wapi? (Mwalimu, Kasulu)

JIBU: Mwalimu nakupenda bure. Mwezi wa sita una faida moja na shida moja. Faida ni kwamba 2024 ziwa lilifungwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti samaki wazaliane, na zikija siku kama zile utakuta mitumbwi imelala mchangani na wenyewe wamekaa chini ya mwembe wanacheza bao, kukodi ni rahisi na nahodha wazoefu wapo tele. Shida ni kusi. Kuanzia Mei mpaka Septemba upepo wa kusini ndo wenyewe, asubuhi unaweza kukuta maji kama kioo ukasema huyu mjomba mwoga, ikifika saa tano ziwa limebadilika sura. Kwa hiyo shindana saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa tatu uwe umeshamaliza watoto wanakunywa chai. Na fanyia ndani ya ghuba, upande unaokingwa na Bangwe, siyo Kibirizi kwenye pilikapilika za maboti.

Usianze na umbali wa Olimpiki, mita 300 zinatosha, sambamba na ufukwe, mahali mtoto akianguka anasimama. Kila mtumbwi weka mvuvi mtu mzima mmoja nyuma awe nahodha, na usimwache nyumbani hata kama ana maneno. Jaketi kila mtoto, limefungwa kamba zote, siyo limetupiwa begani kwa ajili ya picha, na ujaribishe mapema maana jaketi la mtu mzima kwa mtoto wa kidato cha kwanza linapanda juu lenyewe anabaki chini. Boti moja ya injini, inanguruma, haishindani. Kabla ya yote ongea na BMU, ile kamati ya wavuvi inayosimamia mwalo huo, Polisi Wanamaji na watu wa TASAC wanaosimamia usalama wa vyombo vya majini, nenda mwenyewe na barua, siyo kupiga simu, ukienda mwenyewe watu wanakusaidia mpaka unashangaa. Na barua ya mzazi kwa kila mtoto iandike wazi kwamba wanaingia majini, usiandike "ziara ya mafunzo", mzazi akija kugundua baadaye utajieleza mpaka ustaafu.

Pesa yako nyingi itakwenda kwenye Coaster na kulala. Omba darasa kwa hiyo shule mnayoshindana nayo, magodoro mje nayo. Chakula ndo kwetu huku utafurahi, usiku wali au ugali na migebuka ya mawese, ila asubuhi kabla ya resi wape chai na muhogo kidogo basi, mawese yaje mchana, mi nilishaona mtoto katapika katikati ya kasia ya ishirini na boti nzima ikasimama kumhurumia, wakapitwa. Hesabu vichwa ukishuka kwenye gari, ukiingia majini, ukitoka majini, ukipanda gari. Kwa sauti. Wale wa Marekani wana mtu ameshika karatasi na hana kazi nyingine siku nzima zaidi ya hiyo, mwanzoni niliona ni ushamba, siku moja tukaondoka bila mtoto mmoja yuko chooni, tumetembea nusu saa ndo tunageuza. Dereva nilikuwa mimi.

Mkishapanga tarehe niambie nije kuangalia, nitakaa kwenye mchanga sibebi kasia la mtu.

SWALI: Mjomba mnasema regata regata, Kiswahili chake hakuna? Na Liemba ikiingizwa kwenye hayo mashindano itakuwa ya ngapi? (Mzee wa Gungu)

JIBU: Mzee wangu shikamoo. Neno limetoka Venice, Italia, watu wa mjini mle barabara zao ni maji, wameshindana makasia karne na karne, Waingereza wakalichukua nao wakawa na yao, ile ya Henley ilianza 1839 mpaka leo ipo. Sisi tuseme mashindano ya makasia inatosha, Unguja nako wana resi za ngalawa na hakuna anayeuliza tafsiri.

Liemba mzee wangu ilizamishwa 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudishwa kazini 1927, ikapiga mzigo karne karibu nzima. Na kasia haina. Tuipe nafasi ya mwamuzi.